Gauni la Bei Chee, Hasara ya Nani?

Malipo ya mnada wa korosho yakianza kuingia kwenye akaunti za wakulima, stetasi za WhatsApp za Mtwara na Lindi hubadilika. Mtu ambaye Agosti nzima alikuwa akituma dua za Ijumaa na picha za wanawe, sasa anamwaga magauni ishirini kwa mkupuo: ya maua, ya kubana, ya mkanda, yote yamevaliwa na binti mwembamba wa Kichina aliyesimama mbele ya ukuta mweupe. Chini ameandika: "Oda zinafungwa Jumapili. Unalipia nusu, nusu nyingine mzigo ukifika." Bei mara nyingine haitajwi. Njoo inboksi.

Hivi ndivyo kusini tunavyoijua biashara ya mitindo ya mtandaoni. Mteja wa London au Paris ana programu ya Shein au Temu kwenye simu yake, anabonyeza, anapelekewa mlangoni. Wateja wengi wa Masasi au Ruangwa hawajawahi hata kuzifungua programu hizo. Kati yao na kiwanda yuko mwalimu wa shule ya msingi, au muuguzi, au mwanafunzi wa chuo, aliyepiga skrinishoti kutoka 1688 au Pinduoduo, masoko ya mtandaoni ya China (Pinduoduo ni ndugu wa Temu, mama yao ni kampuni moja, PDD), akaongeza faida yake, akampata wakala Guangzhou, China, wa kumnunulia na kumkusanyia. Mzigo unakuja kwa meli ukihesabiwa kwa ujazo, au kwa ndege ukihesabiwa kwa kilo. Unashukia Dar es Salaam, unaingia kwenye buti la basi, na mwenyewe anaupokea stendi.

Maadili ya biashara hii yanajadiliwa sana duniani, na mjadala wenyewe umekwishafika kwetu, hasa kwa vijana waliosoma. Naona umefika umevaa nguo za wenzetu wa Ulaya na Marekani. Mimi nina swali moja tu ambalo nadhani linafungua mambo mengi kuliko hayo ya kuulizana nani ana dhambi: gauni likiharibika, au likikosewa, au lisipouzika, hasara ni ya nani? Ukilifuata swali hilo kutoka cherehani ya Guangzhou mpaka stendi ya Mtwara, utaona bei ya chini ilikopatikana.

Lakini tuanze na mvuto, kwa sababu wanaokemea manunuzi haya huwa wanauruka.

Wanadhani watu wanafuata urahisi wa bei. Kama ni bei, mtumba upo. Ukivumilia kufukua, utaondoka sokoni na blauzi ya buku mbili yenye mshono imara kuliko chochote kilichotoka kwenye stetasi. Gauni la mtandaoni kwa kawaida ni ghali kuliko mtumba, na bado linachukuliwa. Kinachonunuliwa ni upya wake. Katika nyumba nyingi za huku nguo mpya ilikuwa ya Idd au Krismasi, na sare ya shule, basi. Zilizobaki zote zilikuwa zimeshavaliwa na mtu mwingine, awe dada yako au mzungu usiyemjua. Kupokea pakiti ya nailoni iliyoandikwa jina lako, ukaichana wewe mwenyewe, ukakuta kitambaa hakijawahi kugusa jasho la mtu, hilo ni jambo kubwa kwa mtu aliyekulia hivyo, na sioni sababu ya kumcheka.

Kuna pia suala la kuchagua. Mtwara iko zaidi ya kilomita 550 kutoka Dar es Salaam. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa pale Rufiji mwaka 2003, gari lilisubiri kivuko, na masika yakiingia njia ilikuwa haitabiriki. Bidhaa za dukani zilizofika huku mara nyingi zilikuwa zimeshachambuliwa na jiji. Tulipata saizi zilizokataliwa na rangi zilizokosa mtu. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata barabara eneo la Somanga, wilayani Kilwa, tulikumbushwa kwamba umbali huo bado upo. Ila kwa macho umekwisha. Binti wa Nachingwea anaiona picha ileile, saa ileile, anayoiona binti wa Masaki. Anaweza kutaka kitu kabla Kariakoo haijamchagulia. Mtu wa Dar hawezi kuelewa utamu wa hilo.

Na niseme hili pembeni: mahubiri kuhusu "mabinti wanaopenda mambo" yananichosha. Kijana wa kiume anayeagiza raba za bandia na jezi tatu kwa msimu, kwa njia ileile, kwa wakala yuleyule, hatajwi na mtu.

Sasa twende kwenye cherehani.

Shein ilianzia Nanjing mwaka 2008 na sasa makao yake ni Singapore. Ujanja wake mkuu haumo kwenye mtindo wa nguo. Umo kwenye namna ya kuagiza. Kampuni ya nguo ya zamani ilikuwa inakisia: itashona maelfu kwa maelfu ya gauni moja, na lisipopendwa, ghala linajaa na hasara ni yake. Shein inaagiza vipande 100 au 200 tu, inaweka picha, inatazama nani anabonyeza. Likipendwa, oda inaongezwa haraka. Lisipopendwa, limeishia hapo. Kampuni husema njia hii inapunguza nguo zinazobaki bila mnunuzi, na kwa upande wa ghala lake nadhani inasema kweli.

Lakini ile hasara ya kukisia haikuyeyuka. Imesogezwa. Sasa inabebwa na karakana ndogondogo za Panyu, Guangzhou, ambazo lazima ziwe tayari kushona usiku kucha oda ikija na kukaa bure isipokuja. Karakana nayo inaisogeza kwa mshonaji, kwa kumlipa kwa kipande. Shirika la Public Eye la Uswisi lilipozitembelea baadhi ya karakana hizo, ripoti yake ya mwaka 2021 ilieleza watu wanaofanya kazi saa 75 kwa wiki, bila mikataba, na siku moja ya mapumziko kwa mwezi. Mwaka uliofuata televisheni ya Channel 4 ya Uingereza iliripoti kwamba katika kiwanda kimoja mshonaji akikosea alikatwa theluthi mbili ya ujira wa siku. Shein ilifanya uchunguzi, ikakubali kwamba saa za kazi katika viwanda viwili zilivuka sheria, ikaahidi dola milioni 15 za kuboresha karakana. Katika ripoti yake ya mwaka 2024 ilieleza pia visa viwili vya watoto waliokutwa wakifanya kazi kwa wazalishaji wake mwaka 2023.

Rudia hiyo theluthi mbili. Sindano imepinda, mshono umekwenda upande, na anayelipa ni mtu mwenye kipato kidogo kuliko wote katika msururu mzima.

Nisiwaonee Wachina peke yao. Jengo la Rana Plaza lililoanguka Bangladesh tarehe 24 Aprili 2013 na kuua watu 1,134 lilikuwa likishonea kampuni za Ulaya na Marekani, zile za madukani zenye vioo na kiyoyozi. Wafanyakazi wa nguo wa nchi hiyo walipoingia barabarani mwaka 2023 kudai kima cha chini cha taka (sarafu ya Bangladesh) 23,000 kwa mwezi, walipewa 12,500. Bei ya juu dukani haikuwahi kuwa hakikisho la ujira wa juu kiwandani.

Tulifuate gauni sasa mpaka huku, maana hapa ndipo mjadala wa wenzetu unapokoma na wetu unapotakiwa kuanza.

Mnunuzi wa London akipokea gauni lisilomtosha, analirudisha. Kanuni zinamlinda, na kampuni yenyewe imejenga utaratibu wa kurudisha kwa sababu bila hivyo haitauza. Mnunuzi wa Newala akipokea gauni hilohilo, amelipa zaidi, kwa sababu ndani ya bei yake yumo wakala, kilo za ndege, ushuru, basi na faida ya mwenye stetasi. Na hana pa kulirudisha. Saizi ya L ya kiwanda imekuja kama S ya kwetu, kifua hakifungi, bitana iliyoonekana kwenye picha haipo. Mwenye stetasi anamjibu kwa upole kabisa, "Dada, si unajua mzigo wa China," na kweli hana la kufanya, kwa sababu hata yeye Guangzhou hawamrejeshei kitu. Kamuuzia mwenzake mbuzi kwenye gunia akiwa yeye mwenyewe kauziwa vilevile.

Chukua mfano wa gauni la shilingi 35,000. Ongeza nauli ya kifurushi, ongeza fundi wa kuachia ubavuni na kubadilisha zipu iliyokataa, kisha gawa kwa mara ambazo litavaliwa kabla mshono wa kwapani haujafunguka. Mara nyingi utakuta ungeweza kushonewa. Hesabu hiyo haifanywi kwa sababu gharama hazikuja pamoja. Kila moja ilikuja na siku yake.

Ajabu ni kwamba mnunuzi huyu anatoka katika mkoa ambao watu wake wanajua ukaguzi kuliko karibu mkoa wowote wa Tanzania. Korosho ya mkulima wa Tandahimba inapimwa unyevu, inapangwa daraja, na ikionekana ya daraja la pili bei inashuka palepale na hasara ni yake. Hapati nafasi ya kumwambia mnunuzi wa mnadani "ndivyo ilivyokuja." Kwa hiyo anauza kilichokaguliwa, kisha fedha hiyo ananunulia kisichokaguliwa na mtu yeyote.

Na kitambaa chenyewe? Dunia ilizalisha tani milioni 124 za nyuzi mwaka 2023, na zaidi ya nusu ilikuwa poliesta, yaani bidhaa ya mafuta ya petroli. Kwa Shein mwaka huo poliesta ilikuwa takribani robo tatu ya vitambaa vyake. Kwa mtu anayevaa nguo hiyo chini ya koti huko Ulaya, si neno. Jaribu kuivaa Mtwara mjini mwezi Februari, saa nane mchana, joto na unyevu wa bahari vikiwa vimeshikana. Haipitishi hewa, inanata mgongoni, na harufu ya jasho inaing'ang'ania hata ikifuliwa. Binti wa kwenye picha hakuwa na jua hilo.

Kuna pia kisichoonekana. Mwaka 2021 shirika la utangazaji la Canada, CBC, lilipeleka nguo za mtandaoni maabara na kukuta koti la mtoto la Shein lenye madini ya risasi karibu mara 20 ya kiwango kinachokubalika kwa watoto. Kampuni ililiondoa sokoni. Canada walijua kwa sababu kulikuwa na mtu wa kupima. Katika msururu wetu wa skrinishoti, wakala na basi, sijui nani angepima, na nani angetuambia nguo ya mtoto tuliyoinunua Idd iliyopita imeondolewa.

Hapo ndipo ninapotofautiana na mjadala wa wenzetu. Wao wanazungumza na mtu mwenye kabati lililojaa, anayenunua kila wiki na kutupa bila kuvaa. Wanamwambia apunguze, na wako sahihi. Ukimletea maneno hayohayo mama wa Kitangari anayenunua gauni moja la mtandaoni baada ya mauzo ya korosho, akalivaa mpaka likawa la shambani, kisha tambara la jikoni, unamwomba toba kwa kosa la mwingine. Mchango wake katika taka za dunia ni mdogo kiasi kwamba kuutaja ni kumkosea adabu. Anachodaiwa yeye ni kidogo. Anachodai ni kingi, na hakuna anayemsemea.

Mara nyingi wanaomkemea humalizia kwa kumwelekeza mitumba. Mtumba ni mzuri, wanasema, unaokoa mazingira. Hoja hii ilikuwa na nguvu zaidi zamani. Nguo za mitumba hazioti. Zinatoka kwenye makabati yaleyale ya Ulaya na Marekani. Wakinunua vya hovyo kule, tutaletewa vya hovyo huku. Wafanyabiashara wa Kantamanto, Accra, soko linalokadiriwa kupokea vipande milioni 15 kwa wiki, wamelalamika kwa miaka sasa kwamba ubora wa marobota unashuka. Wauza mitumba wa kwetu watakwambia hivyohivyo: unafungua belo la kilo 45 ulilolinunua limefungwa, bila kuruhusiwa kuchungulia, na ndani unakuta vifulana vya poliesta vilivyovimba nyuzi, vyenye lebo zilezile za mtandaoni. Gauni ambalo binti wa Manchester alilinunua bei ya kutupa na kulichoka linamfuata binti wa Mikindani likiwa limechoka tayari. Na muuza belo, kama mwenye stetasi, hana pa kulirudisha.

Serikali zetu zilijaribu kulikata hili. Machi 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki waliazimia kuondoa mitumba hatua kwa hatua ndani ya miaka mitatu. Wafanyabiashara wa nguo chakavu wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao mwaka 2017, Marekani ikatishia kutufungia mlango wa AGOA, mpango wake wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru, na nchi zikarudi nyuma moja baada ya nyingine, Tanzania ikiwamo. Rwanda iligoma, Julai 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye nafuu hiyo. Somo nililolipata hapo ni chungu: hata zile nguo ambazo wao hawazitaki tena, hatukuwa huru kuzikataa. Viwanda ambavyo vingeshona badala yake vilikuwa vimeshalala. Urafiki ya Dar es Salaam, iliyojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968, inatajwa kwa huzuni zaidi kuliko kwa mipango.

Nadhani wimbi kubwa bado liko njiani. Agosti 2025 Marekani ilifuta kabisa msamaha wa ushuru kwa vifurushi vya chini ya dola 800, ule mlango ambao biashara hii ilikulia. Umoja wa Ulaya, uliopokea vifurushi vidogo bilioni 4.6 mwaka 2024, vingi mno kutoka China, nao mwaka 2025 uliamua kuubana wake. Julai 2025 Ufaransa iliitoza Shein faini ya yuro milioni 40 kwa punguzo la bei la uongo. Milango ikibanwa kule, mashine zile hazitazimwa; zitatafuta pa kwenda, na Afrika yenye vijana wengi na simu nyingi inaonekana kutoka mbali.

Kwa hiyo swali la kanuni ni letu na ni la sasa. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 ina sehemu nzima ya kumlinda mlaji. Inamtaka anayeuza mtandaoni ajitambulishe, aeleze bidhaa, bei na masharti. Ukiilinganisha na "njoo inboksi" utacheka. Sitaki kuona askari akimkimbiza mwalimu mwenye magauni kumi na tano kwenye begi, maana tunajua kamatakamata huanzia kwa wadogo. Lakini wapo wauzaji huku ambao tayari wanafanya mambo ambayo sheria ingependa: wanaagiza moja kwanza, wanalivaa wenyewe, wanajirekodi bila kichujio, wanaandika kifua na kiuno kwa inchi na aina ya kitambaa kama ilivyo kwenye lebo. Mmoja mmoja wanakubali hata kurudisha nusu ya fedha nguo ikija kinyume cha picha. Wanapata faida ndogo kwa kila kipande. Ukiwa mnunuzi, hao ndio wa kuwafuata, na wanaokataa kutaja kitambaa waache na picha zao.

Kuna eneo moja ambalo stetasi haijamgusa fundi cherehani wa kusini, nalo ni sare ya sherehe. Harusi au unyago wa familia kubwa unaweza kutaka wanawake thelathini waliovaa kitenge kimoja, wanene na wembamba, wajawazito na wanyonyeshaji, wote kwa Jumamosi moja. Hakuna saizi ya kiwandani inayoweza hilo. Fundi anapima kila mmoja, akimkosea mtu analifungua na kulishona upya bila kudai shilingi, na akiunguza kitambaa kwa pasi anakilipa, kwa sababu anapokaa panajulikana. Yaani katika wauzaji wote wa nguo niliowaeleza, huyu ndiye pekee anayebeba hasara yote ya kosa lake mwenyewe.

Anachonikera ni "njoo kesho" zake. Mteja aliyezungushwa wiki mbili kwa gauni moja akienda kuagiza China, ambako angalau mzigo una tarehe, siwezi kumlaumu. Mafundi wanaletewa picha zilezile za binti wa ukuta mweupe na kuombwa wazishone kwa kitambaa cha pamba kinachovalika Februari; kazi ipo, na wanaiweza. Waandike tarehe kwenye risiti, na siku ikipita bila nguo, wapunguze ushonaji.